Ndege Mbele ya Propela: Dalili, Sababu na Hatua kwa Marubani wa Eropleni Ndogo, Kisumu hadi Nakuru

Malalamiko ya marubani wa eropleni ndogo ukanda huu hayabadiliki sana. Mmoja amekuta vijiti ndani ya injini, mwingine yangeyange wamejaa kiwanjani, mwingine mwari, yule ndege mkubwa wa majini, amemtokea mbele ya kioo. Halafu kuna wale wa kishindo kisichojulikana kimetoka wapi, na wale ambao kipimo chao cha mwendo kilikufa ghafla. Mwongozo huu umefuata dalili hizo moja baada ya nyingine. Kila dalili inaanza na sababu inayopatikana mara nyingi na ukaguzi mwepesi, kisha yale mazito, na mahali pa kuacha na kumwita fundi mwenye leseni. Pale kitabu cha eropleni yako kinaposema tofauti na haya, fuata kitabu.

Jambo moja nitalirudia hadi ulichoke: karibu na ardhi, rubani anayemkwepa ndege kwa pupa yuko hatarini kuliko anayemgonga.

Nyasi au vijiti vinachomoza kwenye kifuniko cha injini

Mara nyingi ni kiota. Shomoro na kuzi hupenda pale ndani: pakavu, pana kivuli, na injini iliyotoka kazini huwa na joto la kutosha. Eropleni iliyolala nje siku mbili tatu ni nyumba tayari, na kuna ndege wanaojenga haraka kiasi kwamba ukaguzi wa asubuhi hautoshi kwa safari ya saa tisa alasiri. Kagua tena.

Anza chini. Simama mbele ya pua na uangalie sakafu: nyasi zilizodondoka, au kinyesi cheupe kwenye propela, ni ishara kwamba kuna mtu ana shughuli humo. Kisha chukua tochi umulike matundu mawili ya hewa yaliyo mbele, halafu nyuma ya silinda. Hapo nyuma ndipo pagumu. Kiota huwa kimeegemea mabati yanayoelekeza hewa ya kupoza, na ukiwa umesimama mbele unaona silinda safi na kutosheka. Pitisha mwanga kwa pembe. Baada ya hapo nenda mkiani: koni ya mkia, pengo kati ya usukani wa mkia na bawa la nyuma, na matundu ya bawaba za aileroni, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza eropleni upande. Kijiti kimoja kilichokaa vibaya huko nyuma kinaweza kubana usukani.

Ukikipata, usivute nyasi kwa vidole kupitia tundu la mbele ukaridhika na ulichotoa. Nusu nyingine imebaki, na imebaki karibu na bomba la moshi, ambalo joto lake linatosha kuwasha nyasi kavu. Fungua kifuniko chote. Kama huna ruhusa au zana za kukifungua, siku hiyo huruki. Mwite fundi pia ukiona nyasi zimesokotwa kwenye nyaya za magneto, kifaa kinachotoa cheche za injini, au kwenye kipoza oili, hata kama unadhani umezitoa zote.

Dalili hii ikijitokeza angani, utaiona kwenye vipimo: joto la silinda na la oili linapanda bila sababu, pengine na harufu ya nyasi zinazoungua. Shusha pua ili hewa iingie zaidi, ongeza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa, punguza nguvu ya injini, rudi utue. Moshi ukiingia chumbani, hiyo sasa ni dharura ya moto wa injini, na hatua zake unapaswa kuwa umezikariri.

Kinga ni rahisi: vizibo vya matundu vyenye kamba nyekundu inayopita mbele ya propela, ili anayesahau kuvitoa avione kabla ya kuketi.

Kundi limetua kiwanjani na unataka kuruka

Hapa sababu ina maana kuliko ndege mwenyewe, maana isipoondoka sababu, wakifukuzwa watarudi kabla hujafika mwanzo wa barabara ya kurukia.

Kwenye viwanja vya nyasi, sababu ya kwanza ni ng'ombe, na ya pili ni nyasi zilizokatwa. Yangeyange humfuata ng'ombe kwa sababu kwato zake huwaamsha panzi, na trekta la kukata nyasi hufanya kazi ileile kwa eneo kubwa zaidi. Kwa hiyo muulize mlinzi wa kiwanja: nyasi zimekatwa lini? Kama ni leo, tarajia weupe uwanja mzima. Mtume mtu na bodaboda apite barabara nzima kutoka mwisho mmoja hadi mwingine akipiga honi, na umwambie apite upande ule upepo unakotoka akirudi, ili wakiruka waelekee nje. Ruka mara tu anapoondoka barabarani. Ukichelewa dakika kumi, kazi ya pikipiki imekuwa bure.

Sababu ya tatu ni mvua. Kumbikumbi wakitoka ardhini baada ya mvua, huja kila mwenye mdomo: mwewe, korongo, kunguru, mbayuwayu, hata wasiokula wadudu kwa kawaida. Hawa hawafukuziki. Wanakula angani, futi chache hadi mamia juu ya barabara. Subiri. Kumbikumbi huisha.

Kisumu kuna mambo yake. Kiwanja kiko kando ya ziwa, na ufukweni kuna mialo ambako samaki huparwa na omena huanikwa. Mwewe na korongo wenye mfuko shingoni, wale wakubwa wenye upara, wanajua ratiba ya wavuvi kuliko wewe. Asubuhi mashua zinaporudi, anga ya upande wa ziwa huwa na watu wake. Upande wa Ahero kuna mashamba ya mpunga, na mpunga ukikomaa kuna kweleakwelea. Mwanzoni mwa 2023 walivamia mashamba ya kaunti hiyo hadi serikali ikaingilia kati. Kweleakwelea mmoja ni mwepesi sana, lakini hawaendi mmoja. Wanaenda kama moshi, na moshi huo ukiingia kwenye chujio la hewa unaliziba.

Uliza mnara wa kuongozea eropleni kuhusu ndege hata kama hawakukutajia. Ukiwaona wewe kwanza, wataje, kwa kuwa anayekuja nyuma yako hajawaona. Washa taa za kutulia kuanzia unapoingia barabarani hadi upite futi elfu kadhaa juu ya ardhi. Inawapa ndege nafasi ya kukuona mapema, na haikugharimu kitu.

Na kama tayari unakimbia na kundi likainuka mbele yako? Kama magurudumu bado yako chini na barabara iliyobaki inatosha kusimama, funga nguvu, piga breki. Kisumu, yenye barabara inayozidi kilomita 3, Cessna ndogo karibu kila mara ina nafasi hiyo. Kwenye kiwanja kifupi cha nyasi huenda usiwe nayo, na ndiyo maana uamuzi wa mahali pa kusimama hufanywa kabla ya kuachia breki. Ukishanyanyuka, endelea kupanda.

Ndege yuko mbele yako angani

Kama anasogea kwenye kioo, kulia au kushoto, hamtakutana. Yule anayebaki pale pale na kukua ndiye mnayegongana naye.

Ndege wengi wakitishwa hukunja mabawa na kuanguka chini. Kwa hiyo pita juu yao. Ukiwa na mwendo wa safari, vuta usukani polepole na uinuke; usipite chini ya kundi hata kama nafasi inaonekana kubwa. Tai na furukombe si wa kutegemewa katika hili. Hao wamezoea kuwa wakubwa wa anga, na wakati mwingine hubaki walipo wakikutazama.

Ukiwa chini na mwendo mdogo, mara baada ya kuruka au kwenye mkondo wa mwisho wa kutua, hesabu inabadilika. Hapo kuvuta usukani kwa nguvu au kupinda ghafla kunaipeleka eropleni kwenye stoli: bawa linapoteza mwinuko, linaangukia upande mmoja, na kwenye futi 200 hakuna kimo cha kurekebisha. Yangeyange ana uzito usiofika nusu kilo. Atakuachia bonde kwenye bawa na kinyesi kwenye kioo. Pinda kidogo ukiweza bila kupoteza mwendo, inamisha uso nyuma ya dashibodi, mgonge, endelea kuendesha eropleni.

Mwari ni habari nyingine. Anaweza kuzidi kilo 10, na kioo cha eropleni ndogo ni plastiki ya akriliki ambayo haikuwahi kutakiwa kupita jaribio la kumhimili ndege. Ndiyo maana huku Nakuru nashauri mengi kuliko Kisumu. Mwari wengi huzalia Elmenteita, ambako hakuna samaki wa kuwatosha, na huenda Nakuru kula. Hawapigi mabawa njia nzima. Wanasubiri jua lipashe ardhi, kisha wanazunguka ndani ya hewa inayopanda hadi juu kabisa, halafu wanateleza kuelekea ziwa la pili. Kwa hiyo kati ya maziwa hayo mawili, kuanzia asubuhi jua likishakolea hadi alasiri, unaweza kukutana nao kwenye kimo ambacho hukutarajia ndege yeyote. Wanapozunguka pamoja huonekana weupe wakigeuka upande mmoja, kisha wanapotea machoni wakigeuka upande wa pili. Hawajaondoka. Panda mapema asubuhi au zunguka mbali.

Heroe (flamingo) huhama ziwa hadi ziwa zaidi usiku, hivyo mchana shida yao ni moja tu: abiria anataka picha. Uso wa Ziwa Nakuru uko karibu futi 5,750 juu ya bahari. Kaa angalau futi 2,000 juu yake. Altimita isome zaidi ya 7,750. Rubani anayeshuka ili kundi liruke na kupendezesha video analitengeneza tatizo kwa mikono yake.

Ukijua unapita eneo la ndege, punguza mwendo. Nguvu ya kishindo hufuata mraba wa mwendo: kutoka noti (maili za baharini kwa saa) 120 hadi 90 umeipunguza hadi karibu nusu.

Kishindo, kisha injini inatikisika

Kabla ya chochote, weka pua mahali pa mwendo salama. Kwa Cessna 172 nyingi, mwendo wa kuteleza bila injini uko kati ya noti 65 na 68 kulingana na toleo. Kisha tafuta sababu, kwa mpangilio huu.

Mkono wako. Watu hushtuka, na aliyeshtuka akiwa ameshika kidhibiti cha nguvu au cha mchanganyiko hukisogeza bila kujua. Angalia viko wapi.

Manyoya kwenye mlango wa hewa. Injini imepoteza mizunguko na inakohoa, ila haitikisi mwili mzima. Vuta hewa moto ya kabureta; inachukua hewa kutoka ndani ya kifuniko na kulikwepa chujio lililozibwa. Nyingi ya injini zenye injekta badala ya kabureta zina mlango wa hewa mbadala, mwingine hufunguka wenyewe na mwingine unahitaji kuvutwa. Jua wa kwako ni upi ukiwa bado chini.

Propela. Mtikisiko ni mkali, dashibodi haisomeki, na unapungua ukipunguza nguvu. Kipande kikivunjika kwenye ncha, propela inapoteza mizania na mtikisiko unaweza kung'oa injini kwenye vishikilio vyake. Punguza hadi uvumilike na utafute pa kutua pa karibu kuliko pote, hata kama si kiwanja ulichotoka. Usipovumilika hata kwa nguvu ndogo kabisa, zima injini uteleze. Ni uamuzi mchungu, ila eropleni isiyo na injini inayozunguka bado inaruka. Iliyopoteza uzito wote wa pua haiendesheki.

Harufu ya nyama iliyoungua peke yake, bila mtikisiko wala joto kupanda, ina maana mabaki yameingia ndani na kuangukia bomba la moshi. Inachefua, na abiria atadhani mnaungua. Mwambie, tazama vipimo, tua mahali pa kawaida.

Tangaza mapema. Mayday, wito wa dharura, mara tatu kwenye masafa uliyopo, au 121.5 kama hujui nani anakusikia, na msimbo wa dharura 7700 kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha eropleni kwenye rada. Ukiwa umeruka Kisumu kuelekea ziwani na injini imekufa ukiwa bado kimo kidogo, usigeuze kurudi barabarani. Shuka mbele, majini, karibu na mashua za wavuvi bila kupita juu yao. Fungua mlango kabla ya kugusa maji. Jaketi la kuokolea liwe limevaliwa tangu nchi kavu, na lijazwe hewa ukiwa nje tu.

Kioo kimepasuka

Ufa usio na tundu: punguza mwendo hadi wa kuzungukia kiwanja, usibonyeze kioo kwa ndani, tua.

Tundu: upepo, kelele, damu, manyoya, na macho yasiyofunguka. Hapo watu husahau kwamba mabawa bado ni mazima. Tazama upeo wa macho kupitia dirisha la pembeni, punguza nguvu ili upepo upungue, lakini usishuke chini ya noti zako za kukaribia kutua, kwa sababu pua yenye tundu ina ukinzani zaidi na mwendo huporomoka haraka. Redio huenda usiisikie. Zungumza hivyo hivyo, wao watakusikia. Vaa miwani ya jua kila safari. Kama kuna abiria mbele, maelezo yako kabla ya kuruka yawe na sentensi moja: nikiumia, shika usukani hivi, usivute.

Kipimo cha mwendo kimeshuka au kimekufa

Kwenye Cessna ndogo bomba la pito, linalopokea upepo wa mbele ili kupima mwendo, liko chini ya bawa la kushoto, limechomoza kama linaomba kugongwa. Sababu ya kwanza ni kuzibwa na mabaki, ya pili ni kupinda au kung'oka. Altimita ikiendelea kufanya kazi, shida ni pito. Altimita nayo ikiganda, fikiria tundu la statiki, linalopima shinikizo la hewa ya nje, na ufungue la akiba kama lipo.

Joto la pito halitatoa manyoya, ila liwashe, halidhuru. Kisha acha kukitazama kipimo hicho. Weka nguvu na mkao wa pua unaoujua kwa kila hatua: hiyo ndiyo sababu wakufunzi hufunika kipimo kwa kitambaa. Mwendo wa GPS unasaidia ukiukumbuka upepo, na ukikumbuka kwamba kwenye vimo vya Eldoret, karibu futi 6,900, mwendo halisi unazidi ule wa kipimo kwa zaidi ya asilimia 10. Ukitua, usipulize bomba kwa mdomo. Unaweza kuharibu vipimo vyote ulivyoviokoa.

Eropleni inavuta upande mmoja au usukani ni mzito

Ukingo wa mbele wa bawa umebondeka, au flapu (vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua), au bawa la mkia. La mkia ndilo baya kuliko yote kwa kuwa hulioni ukiwa umeketi.

Panda, ukiweza, hadi kimo salama mbali na nyumba. Hapo punguza mwendo kidogo kidogo ukiwa kwenye mkao wa kutua, ukisikiliza usukani. Pale unapoanza kushindwa kuushika, ongeza noti kumi. Huo ndio mwendo wako wa kutua leo, hata kama kitabu kinasema mdogo zaidi. Usiteremshe flapu kama bawa limegongwa karibu nazo: zikishuka upande mmoja tu, eropleni itabingirika. Kitambua stoli nacho kiko kwenye ukingo wa bawa la kushoto, na kikibondwa hakilii. Chagua barabara ndefu. Ukitoka Kakamega na kugongwa, Kisumu au Eldoret ni bora kuliko kurudi ulikotoka, mradi eropleni inakutii.

Umetua na inaonekana hakuna kilichoharibika

Hapa ndipo makosa ya kimya hutokea. Damu imefutwa, bonde ni dogo, abiria wanasubiri, na mwenye eropleni anapiga simu. Usiruke tena kabla fundi mwenye leseni hajaiona na kuisaini. Bati la nje hurudi kwenye umbo lake huku mbavu za ndani zimepinda.

Ukimsubiri, zunguka mwenyewe. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa kila bapa la propela; mkwaruzo unaokwamisha ukucha ni mwanzo wa ufa. Pima ncha za bapa zote kutoka alama moja chini, zipite pale pale. Kisha piga magoti nyuma ya mhimili wa bawa la kushoto wa Cessna yako, utazame kibomba kidogo cha kupumulia cha tangi la mafuta. Kimekaa hapo nyuma ya mhimili, kimejificha. Kikizibwa na nyama au kikipindwa, mafuta yanaacha kuteremka vizuri, na injini itazima safari ijayo, wakati hakuna tena anayemkumbuka yule ndege. Mwonyeshe fundi, hata kama hakuuliza.

Vaa glavu na barakoa ukishika mabaki, kwa ajili ya homa ya mafua ya ndege, na uoshe kwa maji na sabuni kabla hayajakauka. Lakini usioshe kila kitu. Piga picha kwanza, weka manyoya kadhaa kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki inayoyaozesha, na uandike tarehe, mahali, kimo na mwendo. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana mkusanyiko wa vielelezo vya ndege, na unyoya mmoja mzuri unaweza kutosha kulinganishwa. Ripoti ipeleke KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, nao uongozi wa kiwanja uambiwe siku hiyo hiyo. Ripoti za nchi mbalimbali huingia kwenye mfumo wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, uitwao IBIS. Uharibifu ukiwa mkubwa au mtu ameumia, usiisogeze eropleni zaidi ya inavyohitajika kuokoa watu, kwa kuwa itakuwa kazi ya idara ya uchunguzi wa ajali za ndege. Ripoti hata ukigonga yangeyange mmoja na hakuna alama. Uwanja usio na ripoti ndio usiokatiwa nyasi kwa wakati wala kujengewa uzio wa ng'ombe.